Apu ya mechi na takwimu za zamani: nimebadilisha jina la timu moja, historia yote imevurugika

mtoto_wa_Koboko:

Wakuu za jioni. Niko Koboko huku, si mtaalamu, kodi nimejifundisha mwenyewe (ya kompyuta, si ile ya kulipa URA, mamlaka ya mapato) kwanza kwa simu halafu kwa laptopu ya mtumba, ila programu ndogo ndogo naandika na zinatembea. Stori ndefu kidogo, mnivumilie.

Baba mdogo wangu alikuwa mgonjwa wa mpira. Tangu miaka ya themanini alikuwa anakaa na redio magotini na kaunta buku pembeni, kila mechi ikitangazwa anaandika, nani kacheza na nani, nani kafunga, dakika ya ngapi, refa nani kama mtangazaji kamtaja. Ametuachia kaunta buku kumi na moja. Mbili tatu panya wamekula pembeni lakini nyingi zinasomeka. Nikasema sawa, niziingize kwenye kompyuta pamoja na mechi za sasa, ligi kuu, Cranes (timu ya taifa), mpaka ligi ya wilaya hapa kwetu, ili mtu akiuliza klabu za Villa na Express wamekutana mara ngapi jibu litoke hapo hapo, watu wasitoane macho kibandani.

Nilivyojenga: tebo (jedwali la data) ya timu, kila timu na jina lake, mechi ilizocheza, ilizoshinda, sare, ilizofungwa, magoli, pointi. Tebo ya pili ni mechi. Nikiingiza mechi, programu inaenda kuongeza namba kwenye tebo ya timu. Wiki mbili za kwanza raha tupu, nikajiona injinia.

Halafu nikagundua mechi moja nimeandika 2-0 badala ya 0-2, nikarekebisha kwenye mechi, lakini msimamo ukabaki na ushindi ambao haupo. Nikaenda kupunguza kwa mkono, nikapunguza mara mbili. Kisha nikabadilisha jina la KCC, klabu ya jiji la Kampala, kuwa KCCA kwa sababu ndilo jina la sasa, sasa nikifungua msimu wa 1983 naona bingwa ni KCCA, wakati mwaka 1983 hiyo KCCA haikuwepo, baba mdogo ameandika KCC kwa kalamu nyekundu na mistari miwili chini. Nikitengeneza timu mbili, mataji yanagawanyika. Na juzi fomu imekataa tokeo kwa sababu niliweka kwamba goli haziwezi kuzidi 15.

Nimekosea wapi? Nianze upya au kuna dawa? Au nirudi tu Excel? Msinicheke.

Excel_inatosha:

Hakuna atakayekucheka ila watakuchosha. Utaona saa hizi wataalamu wanakuja na maneno yao hapa mpaka usahau ulikuwa unataka kuhesabu magoli. Fungua Excel, shiti moja kwa msimu, umemaliza. Mimi ligi ya mtaa wetu hapa Jinja iko kwa Excel mwaka wa sita na hakuna aliyekufa.

kodi_na_chai:

@Excel_inatosha naomba uandike 2-1 kwenye seli moja ya hiyo Excel halafu utuambie umepata tokeo au umepata tarehe ya mwezi wa kwanza 😂

@mtoto_wa_Koboko pole ndugu. Kosa lako ni moja tu, hayo mengine ni watoto wake. Umehifadhi msimamo. Msimamo hauhifadhiwi, unahesabiwa. Fikiria mama mwenye duka, ana daftari la mauzo, kila anachouza anaandika, jioni anajumlisha. Sasa wewe umeweka daftari la mauzo halafu ukaweka na karatasi nyingine ya jumla ambayo unaifuta na kuiandika kila mteja akiingia, siku mteja akirudisha sukari unarekebisha daftari unasahau karatasi. Choma karatasi. Baki na mechi tu. Ushindi, sare, pointi, tofauti ya magoli, nani anaongoza kwa kufunga, vyote vitoke kwenye mechi kila mtu anapouliza.

Utasema itakuwa nzito. Haitakuwa. Ligi ya timu 16 nyumbani na ugenini ni mechi 240 kwa msimu. Ligi ya taifa ilianza 1968, hata tukijidanganya kwamba misimu 57 yote ilikuwa na timu 16 tunapata mechi 13,680. Hiyo SQLite (programu ya kuhifadhi data) kwenye simu ya bei rahisi inazihesabu kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo usisumbuke na seva kubwa, tumia SQLite, faili moja, unainakili kwenye flashi unamaliza.

Jina sasa. Timu ni mtu, jina ni jezi. Mtu anabadilisha jezi lakini ni yule yule. Kwa hiyo tebo ya timu iwe na namba tu ya utambulisho, labda na mji, basi. Majina yaende tebo yake: namba ya timu, jina, kuanzia lini, mpaka lini. Ukifungua 1983 programu inauliza timu hii mwaka huo iliitwaje, inajibu KCC. Ukihesabu mataji inahesabu kwa namba ya timu, hayagawanyiki. Na usidhani ni KCC peke yake. Villa ilianza 1975 kama Nakivubo Boys, ikawa Nakivubo Villa, ndipo ikawa SC Villa. Vipers mpaka 2012 ilikuwa Bunamwaya. Na timu iliyokufa usiifute, UCB, timu ya benki, ilikuwa bingwa 1979 na leo hata benki yenyewe haipo.

Kuhusu goli 15, ondoa hicho kizuizi leo hii. Mwaka 2003 Villa na Akol iliisha 22-1, ligi kuu, hapa hapa Uganda. Na Madagascar 2002 kuna mechi iliisha 149-0, wale wa SO l'Emyrne walijifunga wenyewe makusudi kwa hasira na refa mpaka filimbi ya mwisho. Weka onyo, "una uhakika?", usiweke ukuta. Hiyo ya Madagascar pia inakufundisha kitu kingine: AS Adema wana magoli 149 na hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefunga. Kama programu yako inapata magoli ya timu kwa kujumlisha magoli ya wachezaji wake, hapo imekwama. Goli la kujifunga liandikwe aliyefunga ni fulani, goli ni la timu ile, na lisiingie kwenye orodha ya wafungaji.

Excel_inatosha:

Nimejaribu. Imeniandikia tarehe. Lakini mimi naweka nyumbani kolamu yake na ugenini kolamu yake, kwa hiyo sijashindwa.

Afande_Mstaafu:

Vijana hamjambo. Naona mnaongea juu ya ligi, mimi nitaongea juu ya Cranes kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 1978 kwa sababu hiyo hakuna mtu atanidanganya, nilikuwa kijana, tulisikiliza kwa redio moja watu kama arobaini. Tulimpiga Congo 3-1, Tunisia akatupiga 3-1, tukampiga Morocco 3-0, nusu fainali Nigeria 2-1, fainali Accra Ghana akatupiga 2-0, Opoku Afriyie zote mbili. Omondi Philip alimaliza na mabao matatu, mfungaji bora pamoja na huyo Afriyie na Odegbami wa Nigeria. Baada ya hapo tukakaa miaka 39 mpaka Gabon 2017.

Sasa mjukuu wangu alinionyesha apu moja kwa simu, imeandika Uganda na DR Congo walikutana AFCON 1978 na 2019. Nikamwambia hiyo ni uongo. Congo ya 1978 ni ile ya Brazzaville. Ile nyingine wakati huo ilikuwa inaitwa Zaire. Ile ya 2019 kule Misri, Kaddu na Okwi wakafunga 2-0, hiyo ndiyo ya Kinshasa. Wewe kijana wa Koboko uko karibu na mpaka kabisa, usifanye kosa hilo, utatuaibisha.

kodi_na_chai:

Afande heshima yako. Hiyo umetoa dhahabu. Ndugu wa Koboko, mambo ya majina si ya klabu tu, ni ya nchi pia. Zaire 1971 mpaka 1997 ni jina la zamani la timu namba fulani, Congo Brazzaville ni timu nyingine kabisa yenye namba yake. Tanganyika nayo iangalie, maana Kombe la Gossage lilianza 1926 Kenya na Uganda tu, Tanganyika ikaingia 1945, na ukifika kwenye Cecafa, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, utaikuta Zanzibar inacheza kivyake wakati nchi ni moja. Kwa hiyo "timu" isifungwe kwenye "nchi".

Na tafadhali chukua hiyo AFCON 1978 uifanye mtihani wa programu yako. Ni mechi 16 tu, jioni moja umeziingiza. Ukifaulu hapo umefaulu karibu kila mahali, utaona mwenyewe kwa nini.

binti_wa_Busia:

Kaka wa Koboko mimi siandiki programu, mimi ni yule anayekaa uwanjani na simu anaingiza magoli, timu moja ya huku Busia ilinipa hiyo kazi misimu miwili. Niwaambie yanayotokea huku chini maana ninyi mnaongea tebo tu.

Kwanza saa. Programu tuliyopewa ilikuwa na kisanduku cha saa, mechi ni saa kumi, basi watu wanaandika 10:00. Saa kumi si ni 10? Mechi zote za jioni zikaonekana zimechezwa asubuhi. Halafu kuna moja ya taa, saa moja usiku, mwenzangu akaandika 01:00, na seva ilikuwa inahesabu kwa saa za GMT zile ziko nyuma yetu saa tatu, mechi ya Jumamosi ikarudi ikawa ya Ijumaa saa nne usiku. Kocha akanipigia simu ananiuliza kama nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi! Kwa hiyo usiweke kisanduku cha kuandika, weka vya kuchagua: saa nane mchana, saa tisa, saa kumi jioni, saa moja usiku, kompyuta ijigeuzie yenyewe huko ndani. Na hizo za kaunta buku ambazo hakuna saa, usiziwekee saa yoyote, weka tarehe peke yake.

Pili mtandao. Uwanja wetu mtandao unakuja na kuondoka kama mvua. Nikibonyeza goli halijaenda nabonyeza tena, mtandao ukirudi yanaenda yote mawili, tumeshinda 2-0 wakati ni 1-0. Aliyekuja kutusaidia alifanya hivi, goli linapewa namba yake palepale kwenye simu kabla halijatumwa, likifika mara mbili na namba ile ile seva inalitupa la pili. Na mkiwa wawili mnaingiza mechi moja, mmoja awe mwandishi mwingine awe wa kuangalia, msiwe waandishi wawili. Na usitegemee kurusha matokeo Facebook halafu uyakusanye kutoka huko, tangu Januari 2021 ilipofungwa watu wanaingia kwa VPN (programu ya kupita kizuizi), nusu ya wazee wa timu yetu hawaoni.

Tatu dakika. Goli la dakika ya 45+2 mtu anaandika 47, ukija kuhesabu magoli ya kipindi cha pili lile linaingia huko na halikuwa huko. Dakika kolamu yake, nyongeza kolamu yake.

Nne majina ya watu, banange. Serunkuma au Sserunkuma? Sekagya au Ssekagya? Magid Musisi au Majid? Miya ni Farouk au Faruku? Na vijijini mwamuzi anaandika jina la ukoo mbele, shule inaandika nyuma. Mwenzangu akaweka programu iunganishe majina yanayofanana yenyewe, ikamuunganisha Dan Serunkuma na Geoffrey Serunkuma wakawa mtu mmoja, wote washambuliaji wote wamevaa jezi ya Cranes, huyo mtu mpya alikuwa hatari sana kwa magoli 😂 Programu ipendekeze, mtu aamue.

mtoto_wa_Koboko:

Dada hiyo ya saa kumi imeniuma kwa sababu nimeenda kuangalia, mechi zangu za ligi ya wilaya zote ziko 10:00. Zote.

Nimefuta kolamu za pointi na magoli kwenye tebo ya timu. Mkono ulitetemeka lakini nimefuta. Majina nimeyatoa nje kama kodi_na_chai alivyosema. Leo usiku naingiza 1978, kesho nitawaambia.

mtoto_wa_Koboko:

Nimeingiza. Nimelala saa nane. Kundi letu programu imenipa hivi: Uganda 6, Tunisia 5, Morocco 4, Congo 1. Nikafurahi, tumeongoza kundi. Halafu nikaangalia kaunta buku ya kwanza, baba mdogo ana ukurasa mmoja mwanzoni wa "kumbukumbu za 78", ameandika Uganda 4 Tunisia 4. Nani amekosea?

Afande_Mstaafu:

Baba yako mdogo hajakosea. Zamani ushindi ni pointi mbili.

kodi_na_chai:

Ndiyo hapo. Pointi tatu ni za juzi, Waingereza walianza 1981, Kombe la Dunia ikaanza nazo 1994. Umeandika 3 ndani ya kodi yako, ya 1978 ikahesabiwa kwa sheria za leo. Itoe hiyo namba kwenye kodi, ipeleke kwenye tebo ya msimu: mashindano haya, mwaka huu, ushindi pointi ngapi.

Lakini usiishie hapo. Weka 2 halafu jaribu kuzitenganisha hizo timu mbili kwa sheria wanayotumia CAF, shirikisho la mpira la Afrika, siku hizi, mechi waliyokutana wenyewe kwa wenyewe ndiyo inaangaliwa kwanza. Nani anaongoza?

mtoto_wa_Koboko:

Tunisia.

Kwa sababu walitufunga 3-1.

kodi_na_chai:

Sasa weka tofauti ya magoli.

mtoto_wa_Koboko:

Sisi. Tulifunga 7 tukafungwa 4, tatu juu. Wao 4 kwa 2, mbili juu. Goli moja tu!

kodi_na_chai:

Na aliyeongoza kundi alicheza nusu fainali na Nigeria, wa pili akapewa wenyeji Ghana. Sisi tulicheza na Nigeria, Tunisia wakaenda kwa Ghana wakafungwa 1-0. Kwa hiyo tofauti ya magoli ndiyo inayokubaliana na kilichotokea. Ungeacha sheria ya leo, programu yako ingetupeleka kwa Ghana nusu fainali, mechi ambayo haikuwepo. Namna ya kutenganisha timu nayo ni kolamu ya msimu, na iwe ni mpangilio, kwanza hiki, kisha hiki, kisha hiki.

Afande_Mstaafu:

Goli moja. Miaka yote hii sikuwahi kuipiga hesabu hiyo. Sisi tulijua tu tumeongoza.

Excel_inatosha:

Haya nimekaa kimya nasoma. Swali la kweli sasa, si la ubishi. Kwenye hiyo 1978 mechi ya mshindi wa tatu umeiwekaje? Naona mahali pengine Nigeria 2-0 Tunisia, pengine 1-1.

mtoto_wa_Koboko:

Nimeweka 2-0 lakini sina wafungaji wa hizo 2, programu inalia.

kodi_na_chai:

Nilikuwa nasubiri mtu aione. Tunisia walitoka uwanjani dakika ya 42 ikiwa 1-1, hawakumtaka refa, Nigeria wakapewa 2-0 ya mezani, yaani ushindi wa kuamuliwa na wakubwa bila kuchezwa. Hapo kuna matokeo mawili na yote ni ya kweli. Moja ni la uwanjani, 1-1 dakika 42, lina wafungaji. Lingine ni la karatasi, 2-0, halina wafungaji. Weka kolamu za magoli ya uwanjani, kolamu za tokeo rasmi, na hali ya mechi: imeisha, imevunjika, mezani, imeahirishwa, imefutwa. Msimamo unasoma rasmi, orodha ya wafungaji inasoma uwanjani. Penalti za kuamua mshindi nazo zikae peke yake, mechi iliyoisha 1-1 ni sare kwenye takwimu hata kama mtu kapita kwa penalti.

Na msimu nao una hali yake. Ligi ya 1972 na 1973 hazikumalizika, hakuna bingwa. Ya 2019/20 corona iliikata na Vipers wakatangazwa mabingwa. Kama programu yako inasema bingwa ni aliye juu mechi zikiisha zote, 2020 haitapata bingwa kabisa na 1972 inaweza kumzulia mmoja. Bingwa andika kwa mkono, kompyuta ihakiki tu kama anafanana na msimamo, wasipofanana ikuulize.

binti_wa_Busia:

Mzee wa Excel karibu upande wetu.

Excel_inatosha:

Sijahama. Nachungulia.

mtoto_wa_Koboko:

Wakuu wiki tatu sasa. Nimemaliza kaunta buku nne. Kibandani jana kijana mmoja kasema Villa haijawahi kukaa muda mrefu bila taji, nikatoa simu, 2004 halafu 2024, miaka 20, akanyamaza, akaninunulia soda. Baba mdogo alikuwa Villa damu, hakuiona hiyo ya 2024.

Nimekwama mahali pawili. Kuna mechi baba mdogo ameandika 3-1, nimepata picha ya gazeti kwa rafiki inasema 3-2. Na kuna nyingine ameandika tu "tumeshinda", hakuna magoli. Nimeweka 0-0 kwa sasa.

kodi_na_chai:

Ondoa hiyo 0-0 haraka!! Sifuri ni tokeo. "Sijui" si sifuri. Acha wazi kabisa, kolamu iwe tupu, na pembeni mshindi unamjua basi muandike mshindi. Watazamaji vile vile, usiweke 0 mahali ambapo hakuna aliyehesabu, wastani wako utakuja kuonyesha uwanja wa Nakivubo ulikuwa tupu miaka yote.

Kuhusu 3-1 na 3-2, usichague ukatupa. Tebo ya vyanzo: mechi, chanzo, kimesema nini, picha ya ukurasa. Kaunta buku namba 4 ukurasa wa 31 ni chanzo kama gazeti lilivyo chanzo. Halafu unaweka alama kipi umekifuata na kwa nini. Ukija kupata cha tatu unabadilisha alama, hujapoteza kitu.

Afande_Mstaafu:

Magazeti ya zamani nenda Makerere, maktaba kuu, wana chumba cha vitabu na magazeti ya Uganda. Lakini ujue jina la kuomba. Argus ilikuwa mpaka mwanzo wa Amin, halafu ikawa Voice of Uganda, baada ya 1979 ikawa Uganda Times, New Vision ni 1986. Ukiomba New Vision ya 1983 watakuangalia tu.

mtoto_wa_Koboko:

Hahaha hata magazeti yana tebo ya majina. Asante afande.

Moja ya mwisho halafu nalala. Kaunta buku namba 6 kuna mechi Villa na Express, ameandika wafungaji wawili vizuri kabisa na dakika, halafu chini: "betri zimekufa dk 70, 1-1." Ukurasa unaofuata ni mechi nyingine. Niweke sare?

binti_wa_Busia:

Usithubutu.

kodi_na_chai:

Uwanjani 1-1 mpaka dakika 70, hali: haijulikani, tokeo rasmi tupu. Magoli mawili yaingie kwa wafungaji, hayo yalitokea. Tarehe gani hiyo?

mtoto_wa_Koboko:

Juu panya wamekula. Imebaki "Nakivubo" na "mvua kubwa".

kodi_na_chai:

Mechi ya ukurasa wa nyuma na ya ukurasa wa mbele zina tarehe?

mtoto_wa_Koboko:

Ya nyuma tarehe 9 Juni 1984. Ya mbele tarehe 30 Juni.

kodi_na_chai:

Basi weka tarehe mbili, isiyotangulia 9 na isiyozidi 30. Tuma picha ya ukurasa hapa.

Afande_Mstaafu:

Tuma na majina ya hao wafungaji wawili.